Mwenye Njaa Ana Miiko Yake

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Juma hili nataka kuwabishia wahenga hao, maana historia ya chakula cha serikali haikubaliani nao.

Hoja imeletwa na Wamarekani. Mwaka 2025 jimbo la Nebraska lilikuwa la kwanza kupewa ruhusa ya kuwazuia wanaopata msaada wa chakula wasinunulie soda, kuanzia Januari 2026. Majimbo mengine yakafuata. Lakini wenzetu hawakuanza leo. Mwaka 1939, katika mji wa Rochester, maskini alinunua stempu za rangi ya chungwa, akaongezewa za buluu zenye nusu ya thamani hiyo. Zile za buluu zilinunua tu vyakula ambavyo serikali ilitangaza kuwa vimezidi sokoni. Alilishwa maskini, akaokolewa na mkulima.

Huku kwetu yalikuwa machungu zaidi. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliiteka Burma, na mchele uliozoea kuletwa na meli hadi Unguja na pwani yetu ukakatika. Serikali ya Waingereza ikaanza kugawa chakula kwa mizani. Ajabu ni kwamba mgao ule haukuuliza mtu amezoea kula nini, bali yeye ni kabila gani. Mhindi na Mwarabu walihesabiwa kuwa walaji wa mchele. Mwafrika akahesabiwa mtu wa mahindi, mtama na muhogo.

Hebu fikiri. Mtu wa pwani amezaliwa ndani ya harufu ya wali wa nazi, ameozwa kwa pilau, mpunga analima mwenyewe kama wanavyolima ndugu zetu wa mabonde ya Ruvuma, kisha karani anamwambia wali si chakula chake! Unguja na Dar es Salaam watu wakahangaika waandikwe upya, huyu Mwarabu, yule Mshirazi. Tunapoisoma miaka ile tunaona siasa za ukabila tu. Mimi naona na siasa za sufuria.

Kadi za rangi ziliisha, lakini hata uhuru ulipokuja njaa haikuisha. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulikuta watu wanahamishiwa vijijini, na serikali ikalazimika kuagiza nafaka nje. Ndipo tukaujua unga wa njano, ukapewa jina la unga wa Yanga kwa ajili ya rangi ya jezi. Watu waliunung'unikia, wakasema ni chakula cha mifugo, wakausonga. Mashabiki wa Simba nao waliula. Hapo wahenga wana haki yao kidogo.

Tangu mwaka 2012 TASAF imefuata njia nyingine katika mpango wa kunusuru kaya maskini. Kaya inapewa fedha. Masharti yapo, watoto waende kliniki na shule, lakini dukani hakuna orodha ya vyakula. Mama wa Mtwara akitaka dagaa, atanunua dagaa. Idi ikikaribia atanunua kilo mbili za mchele.

Hili linawaudhi baadhi ya watu wenye mishahara. Nimewasikia barazani wakisema fedha hizo zinaishia kwenye khanga na pombe, afadhali wagawiwe unga. Sisemi hakuna anayekunywa. Wala sisemi soda ni dawa, maana kisukari tunakiona majumbani mwetu. Lakini hao hao, mishahara yao ikitoka, hakuna anayewakagua vikapu.

Jirani yangu mmoja aliposhikilia kwamba serikali iandike orodha, nilimwomba aanze yeye kuniandikia. Akaanza na sembe. Nikamkumbusha kwamba Mtwara vijijini wengi wanasonga ugali wa muhogo. Akafuta, akaandika makopa. Kisha mkewe akapaza sauti kutoka ndani: na mchele je?