Kibali cha Sakafu, Waya wa Ukutani

Januari 2005 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Tarehe 1, Sehemu P ya kanuni za majengo ilianza kutumika Uingereza na Wales: aliyetaka kutandaza nyaya za umeme za kupasha sakafu joto alipaswa kuiarifu halmashauri kwanza, au amtumie fundi aliyesajiliwa. Tarehe 9, jijini Nairobi, SPLM na serikali ya Khartoum walitia saini mkataba wa amani, na Juba ikawa makao ya serikali ya Kusini.

Juba hakuna anayepasha sakafu. Machi 2024 shule zetu zilifungwa kwa sababu ya joto. Lakini nyuma ya kanuni ile kuna swali linalotuhusu: waya ukiunguza nyumba, nani alijua kwamba upo?

Kwetu, kwa miaka mingi, alijua mwenye nyumba peke yake. Umeme wa serikali haukuutosha mji uliokuwa ukijaa warejeaji, basi kila mwenye uwezo alinunua jenereta. Jenereta haiombewi ruhusa. Unaitia mafuta, unamwita fundi wa mtaa avute nyaya, yamekwisha. Nyumbani kwetu Munuki zilivutwa hivyo, za balbu tatu na televisheni ya kutazama mpira.

Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa Ezra, megawati 33 kwa kuanzia, na kampuni ya usambazaji ya JEDCO ikawa inafunga mita za kulipia kabla. Sasa ilibidi kuomba kuunganishwa. Wenzangu darasani huuita mwaka huo mwisho wa enzi ya jenereta. Mimi nasita. Kwetu mita ilikuja ukutani, nyaya za ndani zikabaki zilezile, na leo zinabeba friji na pasi. Ukibandua plasta utaona enzi mbili zimeunganishwa kwa utepe mweusi.

Wapo wanaosema kibali ni njia nyingine ya kutoza ada, na kwa tunayoyaona maofisini siwalaumu. Uingereza nayo ilipunguza mwaka 2013 orodha ya kazi za kuarifiwa. Daftari la mafundi likabaki. Hilo daftari ndilo ningelianza nalo Juba, kabla ya ada yoyote: jina la fundi, mwaka, unene wa waya. Aliyevuta nyaya zetu alirudi Uganda zamani, na hakuna karatasi inayoonyesha alizipitisha wapi.