Nyimbo za filamu za Kihindi

Nyimbo za filamu za Kihindi hutungwa kwa ajili ya sinema za India, na kwa kawaida huonyeshwa zikichezwa na waigizaji katikati ya hadithi. Alam Ara (1931), filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata Indra Sabha ilifikisha takriban 70, wingi ambao hata mpenzi wa nyimbo angeona umepita kiasi.

Mwanzoni mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera. Kuanzia mwaka 1935 sauti ilianza kurekodiwa kando, naye akabaki kufuatisha kwa midomo. Ndipo waimbaji wasioonekana kwenye skrini, kama Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi, walipopata sifa sawa na ya nyota wenyewe, pengine kuizidi. Sauti ya Lata iliwatumikia waigizaji wa kike wa vizazi kadhaa.

Uchezaji huchanganya bila haya ngoma za jadi za kathak na bharatanatyam, bhangra ya Punjab na mitindo ya Magharibi. Wimbo wa filamu ya Tezaab (1988) uliochezwa na Madhuri Dixit ulimtangaza pia Saroj Khan, aliyebuni miondoko yake. Katika Dil Se (1998), Shah Rukh Khan na Malaika Arora walicheza juu ya mabehewa ya treni iliyokuwa ikienda.

Nyimbo hizi zilifika hata nje ya India: Mombasa, mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu hizi.