Makazi ya Mjane: Kutoka Eda ya Furay'a hadi Zama za UKIMWI

Mume anapofariki, madeni huhesabiwa na mirathi hujadiliwa. Swali la mjane atakaa wapi mara nyingi huachiwa wakwe. Sharia haikuliacha hivyo.

Furay'a bint Malik (r.a.), dada yake Abu Said al-Khudri (r.a.), alifiwa na mume aliyeuawa akiwafuata watumwa wake waliotoroka. Nyumba waliyokaa haikuwa milki ya mume, wala hakumwachia matumizi. Alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kurudi kwa jamaa zake. Mtume alimkubalia, kisha akamwita kabla hajafika mbali, akamwamuru abaki katika nyumba ile mpaka eda iishe. Akakaa humo miezi minne na siku kumi. Uthman bin Affan (r.a.) katika ukhalifa wake alimuuliza habari hiyo, akahukumu kwayo.

Maimamu wanne wameafikiana kuwa mjane akae eda katika nyumba hiyo pasipo udhuru. Ikhtilafu yao ni juu ya nani abebe gharama. Kwa Mahanafi, hana haki ya makazi kutoka katika mali ya marehemu. Kwa Mamaliki, anayo ikiwa nyumba ilikuwa ya mume au kodi ilikwishalipwa. Kwa Mashafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba makazi ni haki yake. Eda ikiisha, inabaki fungu lake la mirathi: robo, au thumni marehemu akiacha watoto.

Hukumu hizi zina uzito mkubwa zaidi tangu UKIMWI ulipotambuliwa mwaka 1981. Mwaka 2003 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wajane nchini Kenya walivyonyang'anywa nyumba na ardhi, na jinsi dhuluma hiyo ilivyofungamana na ugonjwa huu. Wapo waliolaumiwa kuwa ndio waliomuua mume, ilhali wenyewe ndio walioambukizwa naye.

Leo dawa zipo, na anayezitumia kila siku hadi virusi vikafifia visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Lakini dawa ya kila siku inahitaji pa kuiweka, na kliniki inahitaji mtu asiyehamahama. Anayefukuzwa hukatika na vyote viwili, na dhiki ya kutafuta pa kulala inaweza kumtumbukiza katika hatari nyingine. Marekani ililiona jambo hili mwaka 1990, ikatunga sheria ya kugharimia makazi ya wagonjwa wa UKIMWI.

Umma huu haukuwa mgeni wa fikra hiyo. Wanahistoria wameandika kuwa al-Walid bin Abdul-Malik, khalifa wa Bani Umayya aliyefariki mwaka 96 Hijria, aliwapangia wenye ukoma posho ili wasiombe watu. Nchini Uganda, tangu mwaka 1992, madaktari wa Kiislamu waliwafundisha maimamu kuzungumzia UKIMWI misikitini.

Basi, enyi maimamu, matanga yanapoisha ulizeni mbele ya ndugu wa marehemu: mjane anakaa wapi, na fungu lake li wapi? Pasipo na nyumba, wakfu wa chumba kimoja ni sadaka yenye kuendelea. Anayemtoa mjane mgonjwa nje kwa dhuluma amemtoa pia katika dawa yake.

Wallahu a'lam.