Kikoa

Pwani, kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Mafundi wa kompyuta wamelichukua neno hili kwa kundi la majina ya mtandao yaliyo chini ya mamlaka moja, kama .tz au .ke. Zamu imepotea njiani, lakini nalipenda kuliko "domeini".

Kwenye ofisi ndogo, majina hayo mara nyingi hushughulikiwa na dnsmasq, programu nyepesi ya Simon Kelley. Husoma majina ya ndani kwenye faili la /etc/hosts, mengine huyauliza nje, na majibu huyatunza.

Balaa huanza fundi akikiita kikoa chake .local. Jina hilo lilitengwa mwaka 2013 kwa vifaa vinavyotafutana bila seva, hivyo printa huiitikia kompyuta hii na kuikaidi ile, na nyaya zisizo na kosa hubadilishwa. Badala yake kuna home.arpa, iliyotengwa 2018 kwa ajili ya mitandao ya nyumbani. Kwenye mipangilio ya dnsmasq ongeza mstari local=/home.arpa/, la sivyo seva za nje zitaulizwa habari za printa yako. Programu ikigoma kuwaka, tazama nani ameshika poti 53, mlango wa maswali ya majina.