SIMU YAKO, FUNGUO ZA MWINGINE: Historia ya programu zinazomgeuka mwenye simu, kuanzia Marekani mpaka Buhongwa

Buhongwa kuna stori moja ambayo haina jina la mtu, kwa sababu ni ya wengi. Ukikaa siku kadhaa kwenye kibanda cha fundi simu lazima utaisikia, ila mhusika anabadilika tu. Leo ni dada wa saluni, kesho kijana wa bodaboda, keshokutwa mama anayefuata dagaa Mwaloni Kirumba na kuja kuwauza kwa kopo.

Tumchukue huyo mama wa dagaa. Mtaji umekata, mtoto anadaiwa michango shuleni, na kwenye kikundi cha akina mama zamu yake bado wiki tatu. Usiku akiwa Facebook linapita tangazo: mkopo dakika tano, bila dhamana, bila kwenda ofisini. Anapakua ile programu. Inamuuliza: isome namba za watu kwenye simu yako? Anabonyeza RUHUSU. Isome meseji? RUHUSU. Ione picha? RUHUSU. Akikataa, mkopo hakuna. Anaomba 50,000, inaingia 35,000, na anatakiwa arudishe 50,000 ndani ya siku saba.

Wiki hiyo mvua inanyesha, biashara inalala. Siku ya nane shangazi yake aliyeko Magu anapokea meseji kwamba mtoto wa kaka yake ni tapeli, na kwamba yeye shangazi ndiye mdhamini, amwambie alipe haraka. Meseji hiyohiyo inaingia kwa shemeji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mwenyekiti wa kikundi, kwa mchungaji, hadi kwa mteja aliyenunua dagaa mara moja mwaka juzi. Shangazi anapiga simu: "Ng'wanawane, umeniweka dhamana lini?" Mama hana jibu. Hajawahi kumtaja shangazi yake kwa mtu yeyote.

Hapo ndipo mtaa mzima unamgeukia: kwa nini alikopa kausha damu? Sawa, lakini kuna swali kubwa kuliko hilo. Simu ni yake, kainunua kwa jasho lake. Imewezaje kumtumikia mtu mwingine dhidi yake? Jibu halikuanzia Buhongwa. Twende taratibu.

ILIANZA NA PRINTA ILIYOKWAMA

Karibu mwaka 1980, kwenye maabara ya kompyuta ya chuo cha MIT kule Marekani, kulikuwa na printa ya Xerox iliyopenda kukwama karatasi. Printa ya zamani nayo ilikuwa inakwama, lakini vijana wa maabara waliweza kuingia kwenye programu yake na kuongeza kitu kidogo: ikikwama, wote wanaosubiri kazi zao wanapata taarifa. Printa mpya ilipofika, mtaalamu mmoja pale akataka kufanya vilevile. Akakuta haiwezekani. Programu ilikuja imefungwa, na yale maandishi ya ndani yanayoiambia mashine ifanye nini hayakutolewa. Akamfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo. Yule akamkatalia, alishasaini kwamba hatampa mtu.

Mwaka 1983 mtaalamu huyo akatangaza mradi wa kutengeneza programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kumpa jirani. Wengi walimwona mtu wa kulalamika tu. Printa imekwama, ndiyo uanzishe harakati?

Lakini fikiria baiskeli ya Phoenix, ile iliyobeba mizigo ya Usukumani miaka na miaka. Ukishainunua ni yako. Mnyororo ukikatika unapeleka kwa fundi chini ya mwembe, anafungua, unaona kila kitu kwa macho yako. Aliyekuuzia hawezi kurudi usiku akafunga tairi lake akiwa Dar es Salaam. Na baiskeli haiwezi kumsimulia jana ulikwenda wapi na ulimbeba nani.

Programu iliyofungwa inaweza kufanya vyote viwili. Na wewe uliyenayo mkononi huoni kinachoendelea ndani, unaona rangi na vitufe tu.

KITABU KILICHOTOWEKA

Mwaka 2009 mwezi Julai, watu waliokuwa wakisoma vitabu kwenye kifaa cha Kindle cha Amazon wakaamka na kukuta vitabu viwili vya George Orwell havipo. Walivilipia, vikafutwa kwa mbali na hela ikarudishwa. Kampuni ikasema aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuwa ameandika notisi zake kwenye kimojawapo, akajikuta notisi hazina kitabu cha kuzishikilia. Alikwenda mahakamani, na bosi wa Amazon mwenyewe akaomba radhi hadharani.

Kimoja cha vitabu hivyo Watanzania wanakijua. Ni kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili kikaitwa Shamba la Wanyama, kikachapishwa 1967. Mwenye nakala ya karatasi ya mwaka huo bado anayo, labda panya wameila pembeni. Hakuna duka lililoweza kuja kuichomoa kabatini.

UMEME UNAOZIMWA KWA MBALI

Huku kwetu teknolojia hii iliingia kwa mlango mzuri, tena wa kusaidia. Mwaka 2012 kule Kenya M-KOPA ilianza kuuza umeme wa jua kwa malipo ya kidogokidogo. Ndani ya kile kisanduku kulikuwa na laini ya simu. Ukilipa, taa zinawaka. Usipolipa, zinazimwa kwa mbali. Kampuni nyingine zikafanya biashara ya aina hiyo Tanzania, na nyumba nyingi za vijijini zikaachana na kibatari.

Mwaka 2020 mwezi Julai, Safaricom na Google wakaleta wazo hilohilo kwenye simu: Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 za Kenya kwa siku. Usipolipa simu inajifunga. Leo simu za mkopo zimejaa Mwanza na kila mtu anajua maana ya "simu imelokiwa".

Tuseme haki. Bila hiyo loki wengi wasingepata simu ya kupangusa kabisa, na anayekopesha naye anataka hela yake irudi. Halafu aliyekopa anaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba itafungwa. Shida ni kwamba mazoea yamehama. Watu wamezoea kuwa kitu kipo mkononi mwako lakini swichi iko kwa mwingine. Na mwenye swichi ndiye anayejua kama loki imeondolewa kweli ukishamaliza deni, au imelala tu.

Watanzania walishaona simu zikizimwa, ndiyo. Juni 2016 TCRA ilizima simu feki. Lakini kumbuka ilivyokuwa: miezi kadhaa ya matangazo, redio zinaimba, unabonyeza *#06#, unatuma namba kwenda 15090 unajibiwa kama yako ni halali. Mtu ulikasirika, ila ulijua nani anazima, lini, na kwa sababu gani. Programu iliyofungwa haina redio.

Mwaka huohuo wa 2020 ikabainika kwamba baadhi ya simu za bei nafuu za Tecno W2 zilizouzwa nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia na Ghana, zilitoka dukani zikiwa na programu chafu ndani. Zilikula bando na kuwaunganisha watu na huduma za kulipia ambazo hawakuziomba. Mtengenezaji alisema mhusika ni mmoja wa wasambazaji katikati na kwamba suluhisho lilitolewa. Inawezekana. Lakini mwenye simu angejuaje? Yeye aliona bando linaisha tu, akalaumu mtandao wa simu.

SIMU INAGEUZWA MDHAMINI

Sasa turudi kwenye mikopo. Mikopo ya simu yenyewe si kitu kibaya. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008 ilifungua njia, na 2014 ikaja M-Pawa, unakopa kwa menyu ya kawaida hata ukiwa na kitochi. Mwaka huohuo 2014 Kenya ikapata programu iliyoitwa Mkopo Rahisi, ambayo baadaye ikawa Tala. Wazo lake lilikuwa jipya: mtu asiye na hati ya nyumba wala mshahara, simu yake ndiyo imwelezee. Programu inasoma taarifa zilizomo kwenye simu, inakadiria kama utalipa.

Kusoma kulianza kwa ajili ya kuamua nani akopeshwe. Lakini ukishajenga mlango, atakayepita hakuulizi ulikusudia nini. Wakaja wengine ambao hawakuwa na haja ya kukadiria chochote. Walitaka orodha ya majina. Wakagundua kwamba kwa jamii zetu dhamana kubwa kuliko nyumba ni heshima ya mtu mbele ya wakwe, waumini na wanakikundi wenzake.

Kenya ndiko kelele zilianza. Aprili 2020 Benki Kuu yao iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Desemba 2021 ikaja sheria ya kuwadhibiti, na Septemba 2022 kati ya waombaji 288 wa leseni walikuwa wamepewa 10 tu. Septemba 2023 kampuni moja yenye programu mbili za mikopo ikapigwa faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu kuwatumia vitisho.

Google nayo ikaamua kwamba kuanzia Mei 31, 2023 programu za mikopo zilizoko Play Store zisiguse namba wala picha za mtu. Ndiyo maana sasa nyingine zinakuja kwa linki ya WhatsApp, hazipiti dukani.

Tanzania haikukaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Aprili 2024 Rais Samia akazindua Tume yake. Agosti 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mtandaoni. Novemba 2024 ikaanika orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Kwenye vibanda vya simu watu walikuwa wanaipitia orodha ile kama matokeo ya kidato cha nne: "Hii ndiyo iliyonila mimi!"

Angalia jambo moja. Miaka yote hiyo hakuna mkopaji aliyeweza kufungua programu akaona orodha yake inapelekwa wapi. Ilibidi watu waaibishwe kwanza, walalamike, ndipo sheria ifike. Wenye baiskeli huona mnyororo umelegea kabla ya kuanguka. Wenye simu wameanguka kwanza.

Kuna watakaosema hata ingekuwa wazi, nani Buhongwa angeyasoma hayo maandishi ya kompyuta? Wengi wasingeweza, kweli. Hata Phoenix wengi hawajui kuitengeneza. Ila fundi yupo, na fundi akiona kitu kibovu anasema. Programu iliyofungwa inamnyima hata fundi.

DENI LAKE, MAJINA YA WATU

Sasa kuna kitu ambacho kwenye lawama za mtaani kinasahaulika. Yule mama alikopa, na anatakiwa alipe. Deni ni lake. Lakini majina kwenye simu hayakuwa yake. Namba ya shangazi ni ya shangazi. Ya mwalimu ni ya mwalimu. Hawakukopa, hawakubonyeza RUHUSU, hawakuulizwa. Kidole kimoja usiku mmoja kilitoa ukoo mzima, na aliyeomba ruhusa hiyo alijua anachoomba kuliko aliyeitoa.

Na kuifuta programu hakurudishi kitu. Unafuta kwenye simu yako, ile orodha inabaki kwenye mashine za wenyewe, huko usikokujua.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, mambo matatu. Angalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Programu ya mkopo ikitaka namba za watu wako, achana nayo hapohapo. Na kama imeshakuaibisha, tunza meseji zile, usizifute kwa hasira, ni ushahidi wa kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata shangazi anaweza kulalamika mwenyewe, maana aliyetumiwa vitisho ni yeye.

Mama wa dagaa alimaliza deni kwa kuuza cherehani. Kikundi kilimpa zamu yake, ila kwanza mwenyekiti alimuuliza mbele ya wenzake kama ana madeni mengine. Magu hajaenda tangu siku ile. Nauli anayo. Hajui tu aanzie wapi kumweleza shangazi kwamba aliyemtaja hakuwa yeye, ilikuwa simu.

Wewe je, ushawahi kupokea meseji ya deni la mtu mwingine? Ulimpigia kumuuliza, au ulikaa kimya ukamwona tapeli? Tiririka hapo chini, majina ya watu yaache.