Sauti ya Mbinguni Katika Picha za Isaka

Sote tunajua habari ya Abrahamu na mwanawe Isaka katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 22. Kisu kimekwisha shikwa, ndipo malaika wa Bwana anaita toka mbinguni. Anaita tu, hamgusi mtu. Lakini sauti haichorwi. Basi mafundi walifanya namna gani?

Tuanze na Wayuda wenyewe. Katika mji wa Dura-Europos, huko Siria kando ya mto Eufrate, palikuwa sinagogi yenye picha nyingi ukutani. Adui walipokaribia, watu waliifukia kwa udongo ili kutia nguvu boma la mji. Mji ulianguka mwaka 256, lakini udongo ule ulizilinda picha hata zikafukuliwa mwaka 1932. Humo Abrahamu anatupa mgongo, naye Isaka amelala juu ya altare. Nyuso zao hatuzioni. Toka juu unatokea mkono mmoja, mkono wa Mungu. Ndiyo sauti.

Sinagogi ya Beth Alpha, chini ya mlima Gilboa, ni ya karne ya 6. Sakafu yake ilipambwa kwa vijiwe vya rangi na fundi Marianos pamoja na mwanawe Hanina: baba na mwana walitengeneza picha ya baba na mwana. Hapa tena mkono unatoka juu, na karibu yake amri ya kumzuia Abrahamu imeandikwa kwa Kiebrania. Asiyeweza kuisikia, aisome.

Mwaka 1401, katika mji wa Florence, mafundi walishindana kupata kazi ya mlango wa nyumba ya ubatizo. Kila mmoja alipaswa kutengeneza sadaka ya Isaka kwa shaba. Malaika wa Brunelleschi anaushika mkono wa Abrahamu kwa nguvu. Malaika wa Ghiberti yungali angani, hajamgusa. Ghiberti ndiye aliyeshinda.

Rembrandt, fundi wa Uholanzi, alichora habari hii mwaka 1635: malaika anamkamata mzee, kisu kinaanguka. Mwaka 1655 aliirudia. Safari hii malaika anamkumbatia Abrahamu toka nyuma, naye Abrahamu anayafunika macho ya mtoto kwa mkono wake.

Picha hizi zote ni nzuri. Hata hivyo tuangalie. Mzee akikamatwa mkono, watoto wa katekisimu watafikiri kwamba alishindwa na nguvu. Lakini katika Maandiko hakuna aliyemshika. Aliitwa, akaitika, akautii mwito wa pili kama alivyoutii ule wa kwanza. Utii wake umo katika sikio.

Basi sisi tutakaofundisha kwa picha, tusiwanyime watu picha. Tuwaonyeshe mkono ule, kisha tuwasomee sura yenyewe polepole, wapate kusikia kile ambacho fundi hakuweza kuchora.