Hariri
Nomino hariri, yenye asili ya Kiarabu, hutaja uzi wa kiwavi wa nondo na kitambaa kinachofumwa kwa uzi huo. Isichanganywe na kitenzi hariri, cha kusahihisha maandishi. Katika uuzaji wa sari za sherehe neno hili hutumiwa kwa ulegevu mno. Sari ya Chanderi, kutoka Madhya Pradesh nchini India, mara nyingi huwa na mtande wa hariri na mshindio wa pamba: nyepesi, yenye kupitisha hewa, bora kwa harusi ya mchana kuliko sari nzito ya Kanchipuram. Hiyo ni hariri mchanganyiko, na yastahili kuitwa hivyo. Poliesta inayong'aa si hariri kamwe: uzi wake ukichomwa huyeyuka na kuganda, ilhali wa hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni.